Siku Adero Alipoingia Darasa la Sita

Kila asubuhi Felistas alifagia uwanja, akateka maji, akavaa sare na kumuaga mama yake, Philomena, aliyekuwa akikaanga maandazi ya kuuza pale Nyamongo, karibu na mpaka wa Kenya. Mama aliamini binti yake anakwenda shule. Kumbe kwa wiki mbili Felistas alikuwa akikata kona kuelekea mwaloni, mahali wanaposaga na kuosha mawe ya dhahabu. Huko alichanganya vumbi la mawe na zebaki, inayonasa dhahabu, kwa mikono mitupu. Kiingereza kilikuwa kimemshinda, akajisemea kwamba dhahabu haiulizi Kiingereza. Shuleni alimtuma jirani yake, Dorah, aseme anaumwa malaria.

Mwezi wa nne akaja Adero, binti wa mama yake mkubwa, kutoka Migori. Kenya shule zilikuwa zimefungwa, huku Tanzania masomo yakiendelea.

"Mama mdogo, kesho nataka kuona shule yenu," alisema Adero. "Ama wageni hawaruhusiwi?"

"Wanaruhusiwa sana. Felistas atakupeleka."

Felistas akakosa pa kutokea.

Darasani, Mwalimu Honoratha aliwapokea vizuri. "Pole, Felistas. Malaria imekwisha?"

Adero aligeuka kumtazama nduguye.

"Ndiyo, mwalimu," Felistas aliitikia, kichwa chini.

Mwalimu alimwomba mgeni aeleze shule ya kwao. Adero alisema kwao husoma karibu kila somo kwa Kiingereza, na mchana hula mahindi na maharage palepale shuleni. Kisha akasema kwao pia kuna mashimo ya dhahabu.

"Mwaka jana watoto tulianza kutoroka. Mwalimu mkuu na chifu walitembea shimo kwa shimo, wakaturudisha. Mimi pia nilikuwa huko."

Felistas aliinua macho.

Somo la sayansi lilipoanza, mwanafunzi mmoja, Nashoni, alisimama akaeleza kwa Kiswahili jinsi moyo unavyosukuma damu. Adero alimsikiliza bila kupepesa.

"Sisi hiyo tuliikariri kwa Kiingereza," alisema taratibu. "Nyinyi mnaieleza kama mnaongea nyumbani. Leo ndiyo nimeielewa."

Felistas alishangaa. Miaka yote alidhani ng'ambo ya mpaka hawakosi kitu. Wenzake walipotoka, yeye alibaki.

"Mwalimu, sikuumwa. Nilikuwa mwaloni."

Honoratha alishika viganja vyake, vilivyokuwa vimebabuka. Hakumgombeza, akamsikiliza akieleza jinsi Kiingereza kilivyomshinda. Alasiri hiyohiyo alikwenda kumweleza Philomena yote, wakaongozana na Felistas na Adero hadi zahanati. Muuguzi Clement alimpima, akawaeleza kwamba zebaki hupenya kwenye ngozi na moshi wake inapochomwa huharibu ubongo na figo. Felistas angetakiwa kurudi kila mwezi kuangaliwa.

"Mwanangu," mama alisema, "mbona hukuniambia Kiingereza kinakushinda?"

"Nitamfundisha kila jioni, mama mdogo," Adero alisema. "Naye anisahihishie insha za Kiswahili."

Mwalimu Honoratha alitabasamu, kisha uso wake ukawa mzito. "Migori mwalimu mkuu na chifu waliwafuata watoto hadi shimoni. Mimi nililetewa habari za malaria nikaridhika, kwa hiyo nami nina kosa. Mtoto akishindwa, aseme ukweli mapema. Asipoonekana darasani, mtu mzima amtafute. Huku au ng'ambo, mtoto hulelewa hivyo."

Kesho yake, kabla ya kengele, wanafunzi walimwona mwalimu wao akitoka mwaloni na watoto watatu wenye vumbi hadi kwenye kope. Walipoingia darasani, Felistas akajisogeza, akawapa nafasi kwenye dawati.