Mtoto Aliyeombewa Ruzuku

"Mama Sydney, huyo mtoto wako utamuua na homa," Triza alisema bila kuinua macho kwenye karai lake la mandazi. "Amepanda ngazi sasa hivi, amelowa chapachapa, hata sweta hana. Nimemsemesha, akanitazama tu."

Lenah alisimama na ndoo yake mkononi. Triza alikuwa amehamia juzijuzi pale Kware. Jina la Mama Sydney alilisikia kwa watu wa kituo alikofanya kazi Lenah, naye akalichukua hivyohivyo. Hakujua lile ambalo ploti nzima ililijua, kwamba Lenah hakuwahi kuzaa.

"Labda ni wa jirani," Lenah alisema.

"Ameingia kwako. Nilitoka nje kumwangalia kwenye roshani."

Lenah alipanda hadi ghorofa ya nne, akipumzika kila mahali ngazi zilipokata kona. Kufuli lilikuwa vilevile alivyoliacha. Alipofungua, alikuta nyayo ndogo za maji juu ya saruji, kutoka mlangoni hadi kitandani, na hakuna zilizorudi. Chumba kilinuka mtaro.

Alichukua tambara akapangusa. Alikuwa amechoka mno hata kupiga kelele.

Kazi yake ilikuwa kupika uji katika kituo cha kulea watoto, mahali wanawake wa viwandani walipowaacha wanao alfajiri na kuwachukua jioni. Kituo kiliishi kwa ruzuku kutoka ng'ambo: unga, kodi ya jengo, mshahara wa walezi, vyote. Kisha ukaja mwaka ambao wafadhili wengi walifunga mikoba yao, na waliobaki wakawa wanagombaniwa na kila kituo cha Eastlands. Javan, msimamizi wao, alirudi kutoka mkutano mmoja na wafadhili akaketi kando ya jiko bila kuvua koti.

"Kazi yetu wameipenda," alisema. "Lakini wanasema hawaoni mtu ndani yake. Wanataka mama mmoja aliyepoteza kitu kwa sababu hakukuwa na kituo."

Mama wa namna hiyo alikuwepo. Alipoulizwa alikataa, akasema mwanawe si tangazo. Lenah aliwatazama watoto waliopanga foleni na vikombe vyao, akasema, "Niandike mimi."

Ndivyo alivyomtunga Sydney. Mtoto wa miaka minne, aliyeachwa peke yake mama akienda kibarua, akatoka nje wakati wa mvua, akatumbukia mtaroni. Jina hilo Lenah alikuwa amelihifadhi moyoni tangu ujana, kwa ajili ya mtoto aliyemtarajia akakosa kuja. Wageni walilia, ruzuku ikaja. Lakini ruzuku haikai. Kila ilipokaribia kwisha walikuja wageni wengine, nao walitaka kidogo zaidi: alipenda nini, alivaa nini, neno lake la mwisho lilikuwa lipi. Lenah aliwapa. Javan akaanza kumwita Mama Sydney hata wageni wakiwa wameondoka, na walezi wakamfuata.

Baada ya zile nyayo, mtoto alikuja kila siku. Blanketi lilikutwa limelowa upande mmoja tu, upande wa ukutani. Akina mama wa kanisa walikuja wakaomba hadi sauti zikawakauka, na walipotoka, maji yalikuwa yakitiririka chini ya mlango.

Jioni moja Lenah alikuwa ameketi kwenye stuli akimenya vitunguu, stima imepotea na taa zimezimika, majirani wakiitana huko kwenye roshani, aliposikia nyuma yake, upande wa kitanda, maji yakidondoka, tone, kisha tone, polepole kama nguo inayokamuliwa na mkono usio na nguvu, na harufu ya mtaro ikapanda hadi ikaifunika ya vitunguu, akataka kugeuka na shingo ikakataa, na palepale kwenye shingo iliyokataa akahisi pumzi baridi, fupifupi, kama ya mtu aliyetoka mbali akikimbia, kisha mkono mdogo uliolowa ukashika pindo la leso yake, jinsi watoto wote wa kituo walivyolishika wakiomba kuongezewa uji, na sauti ikasema, "Mama."

Hakuna mtu aliyewahi kumwita hivyo ndani ya chumba hicho. Lenah aliuma mdomo hadi akaonja damu, maana alikuwa karibu kuitika.

Triza ndiye aliyempeleka Kariobangi, kwa mwanamke mzee wa Kikamba, mganga aliyeitwa Kavinya. Aliishi nyuma ya karakana ambako mabati yalifuliwa kuwa sufuria na masanduku, na ilibidi wainamiane ndipo wasikizane. Kavinya alimshika Lenah viganja, akavinusa.

"Ulimwita nani?"

Lenah alimweleza yote.

"Majini wengine hawana majina, mwanangu," Kavinya alisema. "Huyu amesikia jina likiitwa na kuliliwa na halina mwenyewe. Amelivaa, kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba."

"Nifukize, shosho. Nitoe."

"Nitakufukiza hadi mkaa uishe na hatatoka. Umemzaa kwa mdomo. Kamrudishe kwa mdomo, mbele ya haohao waliokuamini."

"Nikifanya hivyo kituo kitafungwa."

Kavinya aliviachilia viganja vyake. "Hilo sina dawa yake."

Wageni walikuja wiki ileile. Walikuwa mama mmoja mwenye mvi, wa upande wa wafadhili, na kijana wa kamera. Waliketi kwenye viti vidogo vya watoto, magoti yakiwafikia kifuani. Javan alikaa katikati kutafsiri, kama siku zote. Yule mama alisema jambo kwa upole, na Javan akageuka: "Anauliza kama uko tayari kumzungumzia Sydney."

"Niko tayari," Lenah alisema. "Mwambie sina mtoto aliyekufa. Sikuwahi kuzaa. Sydney nilimtunga mimi, na sasa naomba aende."

Javan alimtazama. Lenah aliona alivyozeeka, mashavu yameingia ndani, kola ya shati imechakaa kwa kufuliwa. Kisha Javan akawageukia wageni, akaanza kusema Kiingereza.

Kiingereza cha Lenah kilikuwa kidogo, lakini kilitosha. Alimsikia Javan akisema kwamba mama huyu bado hawezi kuamini mwanawe amekufa. Kwamba Sydney alikuwa kama mtoto wake yeye Javan pia. Kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemwopoa mtaroni, na hadi leo anausikia uzito wake mikononi. Sauti yake ilikatika. Mama mwenye mvi alitoa kitambaa akajifuta macho.

Neno la kukana kwa Kiingereza ni fupi, na Lenah alilijua. Katika chumba cha pili watoto walikuwa wakigonga vikombe, uji umechelewa. Akainuka akaenda kupakua.

Baadaye Javan alimfuata jikoni. "Nisamehe, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Wangeondoka, hawa wangekula nini?"

Lenah aliinamia sufuria ya uji, akaendelea kuisugua.

Jua lilikuwa halijazama alipofungua mlango wake. Sakafu ilikuwa kavu. Aligusa blanketi upande wa ukutani, nalo lilikuwa kavu. Hapakuwa na harufu ila ya mafuta ya taa. Alijilaza na viatu vyake, akatazama dari, akashangaa kwamba chumba kilionekana kikubwa.

Simu ililia. Alikuwa Javan, na alinong'ona.

"Lenah. Kuna mtoto hapa kwangu."

Aliketi. "Usimfungulie."

"Nimeshamfungulia. Nilidhani ni wa kituo. Anatetemeka, Lenah. Nimembeba, sasa hataki kushuka, na ni mzito. Ni mzito kuliko mtoto."

"Kesho asubuhi wapigie wale wageni uwaambie ukweli. Ndiyo njia pekee."

Javan alinyamaza. Lenah aliujua ukimya huo, maana alikuwa ameukalia mchana kutwa. Alisikia maji yakidondoka upande wa pili, tone, kisha tone. Halafu ndani ya simu, karibu sana, sauti aliyoijua ikauliza:

"Baba, huyo ni nani?"