Kipchumba na Beji ya Posta

Kipchumba alikuwa akipanga masanduku katika ghala moja huko Woodbridge, jimbo la Virginia. Alianza kazi saa kumi na mbili asubuhi. Alirudi nyumbani saa tisa alasiri, mkono mmoja ukiwa kiunoni. Mkewe, Jelagat, alikuwa akimhudumia bibi mmoja mzee nyumbani kwa bibi huyo. Alimwogesha, alimlisha na kumsomea barua za wajukuu.

Walikuwa wameingia Marekani mwaka wa 1996, baada ya kushinda bahati nasibu ya grini kadi, kibali cha kuishi na kufanya kazi huko. Binti yao Chebet alikuwa darasa la tatu. Ukimsemesha Kiswahili alielewa kila neno, kisha alijibu kwa Kiingereza.

Kila jioni kabla ya kula walishikana mikono, wakaomba. Tangu mwaka wa 1998 uanze, Kipchumba alikuwa na ombi moja tu.

"Bwana, nipe kazi isiyovunja mgongo."

Siku moja, akisubiri basi, aliona tangazo katika gazeti la bure. Lilisema: jifunze kukamata watoro wa dhamana. Jifunze nyumbani. Cheti na beji vitaletwa kwa posta.

Kipchumba alijua kidogo habari hizo. Mtu akishtakiwa, mahakama inaweza kumwachia kwa dhamana hadi siku ya kesi. Hapo Virginia wapo mawakala wanaofanya biashara ya kuwawekea watu dhamana. Mtu huyo asipofika mahakamani, wakala hupata hasara. Kwa hiyo hutafuta mtu wa kumkamata mtoro na kumrudisha.

"Miguu ninayo," Kipchumba alijiambia. "Macho ninayo. Na kwetu Uasin Gishu nilifuata ng'ombe walioibwa hadi ng'ambo ya mto." Akatuma ada.

Baada ya wiki mbili bahasha nene ilifika. Ndani yake kulikuwa na kijitabu cha kurasa ishirini, pingu, na cheti chenye muhuri mkubwa wa rangi ya dhahabu. Kulikuwa pia na beji yenye umbo la nyota. Iling'aa mpaka Chebet akafumba macho.

Kipchumba alikitazama sana kile cheti. Alipokuwa kijana aliwahi kupanga foleni siku tatu katika ofisi ya wilaya ili apigiwe muhuri mmoja mdogo, tena wa wino uliofifia. Muhuri huu ulikuwa mkubwa kama kisahani cha chai. Moyoni hakuwa na swali.

Ijumaa ile waumini wenzake wa ushirika wa maombi walikutana sebuleni kwake, kama kawaida yao. Kipchumba aliiweka beji juu ya meza, kando ya Biblia. Alitoa ushuhuda. Wakaimba. Mzee wa ushirika aliweka mkono juu ya beji na kuibariki. Wote wakasema amina, kisha wakanywa chai.

Jumatatu Kipchumba alipiga simu katika ofisi moja ya dhamana. Mtu aliyepokea alimuuliza anatoka wapi. Kipchumba akasema Kenya.

"Kenya!" yule mtu alisema. "Kuna Mkenya mwenzako amenitoroka. Hakufika mahakamani. Ukimleta Jumamosi, nitakupa kazi nyingine nyingi."

"Nitapata barua kutoka kwako?"

"Wewe mlete. Mambo ya karatasi tutazungumza baadaye."

Siku hiyohiyo mjumbe wa ofisi ile alileta bahasha yenye picha, jina na kosa: kuendesha gari bila leseni. Kipchumba alipoiona ile picha aliketi. Mtu yule alikuwa Gichuki. Krismasi iliyopita walikuwa wamechinja mbuzi pamoja kwenye shamba la Mzungu mmoja. Gichuki alikuwa ameshika miguu, yeye akashika kisu.

Kipchumba alifikiri siku mbili. Hakumwambia mkewe. Mwishowe alimpigia Gichuki simu. Siku hizo Gichuki alikuwa amehamia Hyattsville, katika jimbo la Maryland.

"Jumamosi mchana nitakuja kwako," Kipchumba alisema. "Nitaleta nyama, tuchome."

"Karibu sana, ndugu yangu!" Gichuki akajibu. "Mimi nitapika ugali. Usiniletee tu ile nyama ngumu ya Krismasi."

Kipchumba aliweka simu chini. Kisha akaificha pingu katika droo ya jikoni.

Siku ya Alhamisi Jelagat alikuwa akitafuta mwiko. Alifungua droo ya jikoni. Badala ya mwiko alitoa pingu.

"Baba Chebet! Hii ndiyo ya kugeuzia ugali siku hizi?"

"Wacha hiyo, Mama Chebet. Ni ya kazi."

"Kazi gani? Unamfunga nani?"

Kipchumba alimweleza yote: ofisi, picha, Gichuki, nyama ya Jumamosi. Jelagat alisikiliza huku pingu ikiwa mkononi mwake.

"Gichuki huyu aliyetubebea kitanda tulipohamia hapa?"

"Sheria ni sheria," Kipchumba alisema. Lakini alisema akitazama sakafu.

Wakati huo mlango uligongwa. Aliingia Leokadia, jirani yao wa mlango wa pili. Leokadia alikuwa Mtanzania kutoka Bukoba. Alikuwa kiongozi wa walinzi katika jengo moja la ofisi huko Virginia. Alikuwa bado na sare yake, na amekuja kurudisha sufuria.

"Hodi tena, jamani. Mbona mmenuna?" Akaona pingu. "Makubwa! Nani anakamatwa?"

"Muulize shemeji yako," Jelagat alisema. "Ameajiriwa na posta."

Kipchumba alileta cheti na beji. Alivileta kwa heshima, kama mtu anayeonyesha picha ya harusi. Leokadia alivaa miwani. Alisoma cheti pole pole, kutoka juu hadi chini.

"Shemeji, huu muhuri ni wa nani?"

"Wa serikali."

"Hebu soma mwenyewe maneno yaliyozunguka."

Kipchumba alisoma. Halafu akasoma tena. Lilikuwa jina la shule ileile iliyomtumia bahasha. Hapakuwa na jina la jimbo, wala mahakama, wala polisi.

"Kule kwetu," Leokadia alisema, "muhuri unakaa kwenye ofisi ya serikali, na ofisi ina mlango, na mlangoni kuna foleni. Hapa mtu yeyote anakwenda dukani kutengenezewa muhuri anaoutaka. Hata mimi nikitaka wa sura yangu, kesho ninao."

Jelagat alicheka. Kipchumba hakucheka.

"Lakini dada Leokadia, nimeuliza. Hapa Virginia hakuna leseni maalumu ya kukamata watoro. Wakala ndiye mwenye leseni."

"Hapo umesema kweli, kwa sasa," Leokadia akajibu. "Majimbo mengine yameanza kudai darasa, umri, rekodi safi na alama za vidole. Hapa bado. Lakini kukosekana kwa leseni si ruhusa, shemeji. Gichuki akikuuliza nani amekupa mamlaka ya kumshika, utamwonyesha nini?"

"Beji."

"Beji haina mamlaka. Una barua ya wakala yenye sahihi yake, inayosema amekutuma wewe?"

"Alisema baadaye."

"Una nakala ya karatasi za dhamana zilizothibitishwa?"

"La."

"Gichuki anaishi wapi?"

"Hyattsville."

Leokadia alivua miwani. "Hyattsville ni Maryland. Ukivuka daraja la mto Potomaki umeingia katika sheria nyingine. Virginia ina yake. Maryland ina yake. Mji wa Washington nao una yake, na mle ndani hiyo biashara ya mawakala wa dhamana haipo kabisa. Umewauliza wa Maryland? Umewaarifu polisi wa kule?"

Kipchumba alitikisa kichwa.

"Basi wewe hukamati mtu. Mbele ya sheria huenda umemteka nyara. Jirani atapiga simu polisi. Watakuja, watakukuta na pingu na nyama mbichi. Na wewe si raia bado. Ukihukumiwa kwa kosa kama hilo, grini kadi inaweza kwenda. Na wewe utaifuata."

Chebet alikuwa amesimama mlangoni na daftari lake. Jelagat alimwashiria aende chumbani.

"Lakini iliombewa," Kipchumba alisema taratibu. "Mzee aliiwekea mkono."

Leokadia hakumcheka. Alikuwa mtu wa sala pia, kila alfajiri na rozari yake.

"Sala ni nzuri," alisema. "Mimi niliombea leseni yangu ya gari. Lakini mtihani niliufanya."

Kipchumba aliiweka beji kifudifudi. "Sasa nifanye nini?"

"La kwanza, mpigie Gichuki. Mwambie ukweli."

Kipchumba alipiga simu pale pale, mkewe na Leokadia wakiwa wamekaa mezani.

"Wee Kipchumba!" Gichuki alisema kwa furaha. "Ile nyama bado iko?"

"Gichuki, ngoja. Unajua mahakama inakutafuta?"

"Mimi? Kwa nini?"

"Ile kesi ya kuendesha gari bila leseni. Siku yako ilipita."

"Sikupata barua."

"Ulipohama uliwapa anwani mpya?"

"Sikuwapa," Gichuki alisema. "Nilihama haraka. Nilisahau."

"Kuna hati ya kukamatwa. Na aliyetumwa kukukamata ni mimi. Nyama ilikuwa mtego."

Kipchumba alisikia redio ikiimba kule Hyattsville.

"Ungenishika kweli?"

Kipchumba alitazama pingu. "Ningekushika," alisema. "Nisamehe."

"Maze," Gichuki alisema mwishowe, "na mimi nilishanunua unga."

Leokadia alichukua simu. Alimweleza Gichuki asikimbie wala asijifiche. Atafute wakili kesho. Aende mwenyewe mahakamani Virginia pamoja na wakili, bila kusubiri kukamatwa. Achukue mkataba wa nyumba, unaoonyesha tarehe aliyohamia. Na awape mahakama na wakala anwani mpya kwa maandishi.

Gichuki alifanya hivyo. Jumatatu iliyofuata alisimama mbele ya hakimu. Hakimu alimkaripia kwa kutotoa anwani, kisha akampangia siku nyingine. Wakala wa dhamana alifurahi, kwa kuwa mtu wake amepatikana. Hakumpigia Kipchumba simu tena, na Kipchumba hakumtafuta.

Kipchumba aliendelea kupanga masanduku. Mgongo uliendelea kumuuma. Jioni moja alibisha kwa Leokadia.

"Dada, na kazi yako, mtu anaingiaje?"

"Kwa foleni," Leokadia akajibu. "Utaiweza?"

Alimweleza. Hapo Virginia mlinzi lazima asome katika shule iliyoidhinishwa na jimbo. Atafundishwa sheria, mipaka ya kazi yake, nini cha kufanya moto ukizuka, na namna ya kuandika ripoti. Atachukuliwa alama za vidole, na rekodi yake itachunguzwa. Kisha jimbo litamsajili na kumpa kadi.

"Na bastola?"

"Bastola ni mafunzo mengine na kibali kingine. Anza na kalamu kwanza."

"Nikitaka kufanya kazi Maryland au mjini Washington?"

"Unaanza upya kule, kwa masharti yao. Kadi ya Virginia haivuki daraja."

Kipchumba aliingia darasani jioni, baada ya kutoka ghalani. Kabla ya kuingia alisimama kidogo kando ya mlango na kuomba. Halafu alifungua daftari. Sheria aliielewa upesi. Ripoti zilimshinda. Ya kwanza aliiandika kurasa nne, akianza na hali ya hewa. Mwalimu aliirudisha.

"Nani, wapi, saa ngapi, nini kilitokea," mwalimu alisema. "Mawingu yaache."

Ya tatu ilifaulu.

Kadi ilifika mwezi wa Oktoba. Ilikuwa ndogo. Haikuwa na dhahabu. Katika picha Kipchumba alionekana kama mtu aliyeamshwa kwa ndoo ya maji. Lakini pembeni palikuwa na jina la jimbo. Alilisoma mara mbili, kisha akamwita Jelagat naye alisome.

Wiki ya pili ya kazi yake mpya ya ulinzi, mlangoni mwa jengo la ofisi, mwanamume mmoja mwenye suti alitaka kupita bila kujiandikisha.

"Wewe ni nani wa kunizuia?" yule mtu alifoka.

Kipchumba hakumgusa. Alimwonyesha kadi yake na sheria ya jengo iliyobandikwa ukutani. Kisha akamsogezea daftari la wageni. Yule mtu alinung'unika, akaandika jina lake. Kipchumba aliandika ripoti ya mistari mitano. Mgongo wake haukuuma.

Krismasi ilipofika, watoto wa ushirika waliigiza habari za kuzaliwa kwa Yesu. Juu ya hori ilining'inia nyota ya kung'aa. Ilikuwa ile beji ya posta; Chebet ndiye aliyeyafunika maneno yake kwa karatasi. Watu wengi waliisifu, hata mzee wa ushirika, aliyeitazama kidogo kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoiona.

Mchana, nyuma ya nyumba, Kipchumba aligeuza nyama juu ya makaa. Gichuki alifika akiwa na sufuria ya ugali. Kesi yake ilikuwa imekwisha kwa faini, na alikuwa amefanya mtihani wa leseni. Aliweka sufuria chini, akanyoosha mikono yote miwili pamoja mbele ya Kipchumba.

"Nifunge kwanza, afande. Ndipo nile."

"Sina mamlaka," Kipchumba alisema, akamwekea mfupa mkononi. "Shika wewe."