Kiti cha Masjala

Huyu ni mtoto wa dada yangu, tumbo moja, kwa hiyo sisimulii ya kuokota njiani. Nyumbani tulimwita Bi Usafi, maana alikuwa anafuta meza hata hujamaliza kutafuna. Mume alimkimbia. Wapo wanaosema alikimbia fagio, mimi simo. Alimwachia watoto na kodi ya nyumba, basi alipopata kazi ya ukarani wa masjala, chumba ambamo kampuni inatunza mafaili yake, alishukuru mpaka machozi.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa na jua zuri. Bosi alimfikisha mwenyewe mpaka mlangoni. Hakuingia.

"Ipange," alisema. "Mwisho wa mwezi wakubwa wanakuja kukagua. Wakikuta mpangilio, kazi ni yako. Wakikuta hivi, tutaagana."

Na hivi kulikuwa hivi: mafaili yamepanda hadi dirishani yakala mwanga, kompyuta mbovu zimebebana, feni haina mapanga, chupa ya chai imeota ukungu, na kiatu kimoja cha kike kisicho na mwenzake. Katikati ya chumba kulikuwa na kiti. Ilionekana miguu tu. Juu yake ulikuwa mlima wa masweta, miavuli na makoti.

Wenyeji wa chumba walikuwa wawili. Mama Funguo, mtu mzima, funguo zinamlia kiunoni kila akijigusa. Na mhasibu mwembamba anayekohoa kabla ya kila neno. Mle walimwita Kikohozi. Hakuna aliyemwambia Bi Usafi karibu. Mama Funguo alimwonyesha meza kwa kidevu, akarudi kwenye kazi zake. Ikawa ndiyo desturi ya mle: mtu akipiga hodi hajibiwi, bali Mama Funguo anainuka, anamfuata nje, na kuurudisha mlango nyuma yake.

"Hawa wana lao," Bi Usafi akajiambia.

Akafunga kitambaa kichwani akaanza. Akatoa, akafuta, akapanga. Dirisha likapumua. Kila kitu kilimtii isipokuwa kile kiti. Akiondoa sweta asubuhi, mchana anakuta koti. Akiondoa koti, anakuta mwavuli, na nje jua linawaka. Siku moja akamfuma Kikohozi anavua koti lake na kulitupia kitini upesi, kama mtu anayefunika sufuria inayofurika.

"Mama, hivi hili kabati lenu la nguo halina milango?" akamuuliza Mama Funguo.

"Kiache hicho kiti."

"Na wakaguzi?"

"Wakaguzi wanakuja wanaondoka, mwanangu. Sisi tunabaki."

Tangu hapo hakunywa tena chai yao. Alipapasa chini ya meza yake kila asubuhi, akitafuta hirizi. Alishasikia kwamba Mama Funguo ana binti wa mdogo wake aliyeitaka kazi hiyo. Hesabu ikamjia yenyewe: wachawi hawa wanataka afeli.

Siku ya ukaguzi aliwahi kabla ya wote. Akabeba mlima mzima akaufungia kabatini. Chini yake ukatokea mto wa kitambaa chekundu, umepauka. Akaupigapiga, vumbi likatoka. Kiti kilikuwa kizuri tu. Akakipa mgongo, akawa anasawazisha mafaili ya mwisho.

Nyuma yake kiti kikalia. Ule mlio wa kiti kikipokea mtu mzito.

Wakaguzi wamewahi, akawaza. Mikono ilikuwa imejaa, na adabu aliyolelewa nayo haikungoja.

"Karibu, kaa tu. Nakuja."

Hakujibiwa. Akageuka.

Hapakuwa na mtu. Mlango ulikuwa umefungwa. Mto ulikuwa umebonyea.

Alisimama hapohapo mpaka Mama Funguo alipoingia. Mama Funguo alikiona kiti. Akazishika funguo zake zisilie.

"Kimetoa sauti?" akanong'ona.

"Nilidhani ni mgeni."

"Ukasemaje?"

Bi Usafi akautazama mto uliobonyea.

"Ulimkaribisha?"

Akaitikia kwa kichwa. Mama Funguo akashusha pumzi ndefu. Haikuwa pumzi ya hofu. Ilikuwa ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Pole, mwanangu," akasema, akaenda kufungua dirisha.

Wakaguzi walikuja, wakasifu, kazi ikawa yake. Mchana huo Kikohozi alikalia kile kiti, akala njugu zake bila kukohoa hata mara moja. Mtu akapiga hodi, na Mama Funguo akaita kwa sauti kubwa, anacheka: "Karibu! Ingia, mgeni!"

Hapo ndipo Bi Usafi alipoelewa kwa nini siku zote neno hilo halikutamkwa mle.

Jioni, kwake, watoto wakiwa nje wanacheza, kiti cha karibu na mlango kikalia.

Ndugu tukaanza kumsema. Bi Usafi gani huyu, kiti kimeelemewa na nguo, mablanketi, mabegi ya watoto! Dada yangu akaenda kumwona, maana uchafu kwake ni kama tusi. Akamkuta jikoni, akamwamkua, na kabla hajaulizwa hali alishaukunja ule mlima wote akaupeleka chumbani.

Bi Usafi alikuwa na kisu na kitunguu mkononi. Akasikia kiti kinalia. Akafungua mdomo apige kelele. Akachelewa.

"Karibu!" mama yake akaitikia kutoka chumbani, kwa bashasha. "Jisikie nyumbani!"

Mama alipotoka hakuona mtu, akasema labda ni jirani. Akanywa chai, akaaga. Bi Usafi alimsindikiza hadi barabarani. Mdomo ulimfunguka mara nyingi, na kila mara akawakumbuka watoto wake wanavyolala sebuleni. Aliporudi, mto wa kiti chake ulikuwa umeinuka, umejaa, baridi.

Usiku ule watoto walilala vizuri. Asubuhi simu ikaita.

"Mwanangu, nani kakalia kiti changu? Nimeamka peke yangu humu ndani. Mto umebonyea, na una joto."

Bi Usafi akajifunga mlango wa chooni.

"Weka nguo juu yake, mama," akanong'ona. "Nyingi. Na mtu akipiga hodi, usimjibu."

"Kwa nini?"

Kwenye simu, nyuma ya pumzi za mama yake, kiti kikalia.