Aliyekata Kona

Maiti ya fundi cherehani ilikuwa imefunikwa shuka, pikipiki yake imelala ubavu katikati ya makutano. Inspekta alichuchumaa, magoti yakamlia. Hiyo ilikuwa ajali ya tatu hapo hapo ndani ya wiki moja, na jua hata halijapanda vizuri.

"Pikipiki ilikuwa inakwenda moja kwa moja, afande," konstebo alisema, akikunja futi ya kupimia. "Gari likakata kona mbele yake. Alama za breki za pikipiki, mita kumi na moja. Za gari, hakuna."

"Anayekata kona ndiye anayepaswa kumpisha mwenzake. Dereva nani?"

"Mwalimu mstaafu, yule pale. Amekubali kosa hata kabla sijamuuliza."

Inspekta alitamani kufunga jalada akalale. Badala yake alifungua mlango wa gari. Kiti cha dereva kilikuwa kimesogezwa mbele hadi kukaribia kugusa usukani. Mwalimu alikuwa mrefu kama mlingoti. Magoti yake yasingeenea pale hata kwa kukunjwa. Mkewe, mama mfupi, aliketi kando ya barabara akijishika bega la kulia. Mkanda wa upande wa dereva ulikuwa umemchubua.

Kituoni, Inspekta aliwaketisha pamoja.

"Mama, wewe ndiye uliyekuwa unaendesha."

"Mwache," mwalimu alidakia. "Nimeshasema ni mimi."

Mama aliangua kilio. "Nina leseni ya kujifunzia. Yeye ndiye ananifundisha."

"Hukuiona pikipiki?"

"Nilikuwa nahangaika na gia, mwanangu. Nikamuuliza, nikate? Akanijibu, kata, njia nyeupe."

Inspekta alimgeukia mwalimu. Kisha akatoa mchoro wa ajali, akauweka mezani kifudifudi, upande usioandikwa kitu ukiwa juu.

"Nionyeshe pikipiki ilikotokea."

Mwalimu aliinama, akagusa karatasi tupu. "Hapa."

"Baba watoto," mkewe alisema polepole, "hapo hapana kitu."

Inspekta aliugeuza mchoro.

"Huoni tangu lini?" Inspekta aliuliza.

"Mwaka wa pili huu. Naona ukungu tu." Alipapasa ukingo wa meza. "Ndiyo maana nilimhimiza ajifunze kuendesha. Niliona aibu kumwambia nimekuwa mzigo. Leo aliponiuliza, nilitega sikio, sikusikia honi. Nikamwambia akate."

"Nimeua mtu kwa kuyaamini macho yako," mkewe alisema.

Inspekta aliandika maelezo ya wote wawili, neno kwa neno, mkono ukimuuma. Nje, dada wa marehemu alikuwa bado anasubiri kuambiwa nani aliyemgonga nduguye.

Mwalimu alinyoosha mkono hewani, akimtafuta mkewe. Mama aliutazama ule mkono, asiushike.