Valvu Iliyofundishwa Kuua

Fundi bandia wa kiyoyozi alipenya mlango wa dharura, akaubamiza.

Nyigu hakumfuata.

"Anatoroka!" Mkuu alifoka redioni.

"Vijana wako wako getini, si ndiyo?" Nyigu alijibu. "Mimi nataka alichoacha."

Akairudisha bastola yake ya Glock mkobani, akavuta kiti mbele ya kompyuta ya kituo cha maji. Presha kwenye bomba la klorini ilikuwa inapanda. Ghorofa ya chini, kando ya bomba hilo, mpima maji wa zamu alikuwa amefungiwa ndani.

Mdogo wake Nyigu.

Simu ya mezani ikalia. "Dada, mlango umegoma."

"Vaa barakoa ya gesi."

"Nimeshavaa. Acha kunifokea kama mama."

"Basi kaa mbali na bomba."

Presha ikigusa mstari mwekundu, mashine ingeiamuru valvu ya bomba ijifunge, gesi isimwagike chumbani. Nyigu akaifungua programu ya chini kabisa, ile inayoongea na chuma chenyewe.

Humo kila kifaa kilikuwa na jedwali lake la anwani. Ikija amri ya kufunga, mashine hutazama jedwalini kazi hiyo inakaa wapi, kisha hukimbilia huko. Valvu ya klorini ilirithi kazi zote za valvu mama, ile ya mfano ambayo valvu nyingine zote zilinakiliwa kwake.

Zote isipokuwa moja.

Yule fundi bandia alikuwa ameielekeza anwani ya kufunga kwenye kufungua.

Mashine ingejaribu kumwokoa mdogo wake, na ingemuua.

"Rudisha anwani ya zamani!" Mkuu alisema.

"Jedwali kalitia kufuli. Haliandikiki."

"Sasa?"

"Sasa nyamaza, Mkuu."

Kwenye skrini, sindano ya presha ilinyemelea mstari mwekundu.

Nyigu aliwajua walioandika programu hii na mazoea yao. Kila kifaa mtoto walikianza kwa kumweka mama ndani yake, mwanzoni kabisa. Kwa hiyo kazi ya mama ya kufunga ingeikubali valvu hii bila kuuliza. Yule mtu alibadilisha jedwali la mtoto tu. Kazi ya mama ilikuwa palepale, nzima.

Akaandika mstari mmoja. Usitazame jedwali. Ita kufunga kwa mama, moja kwa moja, kwenye valvu hii.

Akabonyeza.

Akaikazia macho sindano.

Kisha chini, chuma kikagonga chuma. Sindano ikasita, ikaanza kushuka.

"Tumemdaka," redio ilisema. "Haamini. Anauliza umepitia wapi."

"Mwambie alimsahau mama."

Simu ikalia tena. "Dada, kuna mtu anavunja mlango huku!"

"Ni wa kwetu. Toka, ukaoge."

"Hata pole hunipi?"

"Pole. Ukaoge."

Nyigu akazima skrini, akakirudisha kiti mahali pake, akatoka kupitia mlango wa mbele.