Mshale wa Chini

Kila asubuhi Aili Koskela alikung'uta theluji kwenye viatu, akatundika koti lake, kisha akakimbilia chumba cha matangazo ya shule. Ijumaa hiyo alikimbia zaidi. Saa nane mchana shule nzima ingekutana ukumbini kumuaga Mzee Hannu, aliyewavusha barabara watoto wa mji wa Thunder Bay, huko Kanada, kwa miaka thelathini na moja. Filamu ya kumuaga ilikuwa mikononi mwa Aili na mwenzake, Corbin.

Zamu ya Aili ya kuihariri ilikuwa asubuhi. Alichoka kuachia kipanya kila mara ili abonyeze mishale ya kibodi, ile ya kuruka kutoka kipande kimoja cha video hadi kingine. Akafungua mpangilio wa vitufe, akahamishia kazi hiyo kwenye Q na W, karibu na mkono wake wa kushoto. Mshale wa chini akaupa kazi nyingine: kufuta kipande na kuziba pengo. Kazi ikaenda mbio, kengele ikalia, naye akaondoka bila kumwambia mtu.

Mlangoni kulikuwa na tangazo: atakayebadili mipangilio kimyakimya, hatatangaza mwezi mzima. Na msomaji wa habari alikuwa Aili.

Saa nane kasorobo alimkuta Corbin akitokwa jasho mbele ya kompyuta.

"Wewe, njoo uone! Filamu ilikuwa dakika tisa. Zimebaki tano!"

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu! Nilikuwa naruka tu kipande kwa kipande, nasikiliza sauti."

Aili akatazama kidole cha Corbin. Kilikuwa juu ya mshale wa chini. Kila alipobonyeza, kipande kilifutika na kinachofuata kikasogea mahali pake, kwa hiyo Corbin alidhani ameruka mbele.

Bi Tremblay, mwalimu wao, akaingia. Corbin alikuwa akirudisha kipande cha Mzee Hannu akicheka. Akabonyeza mshale aende kinachofuata, na kingine kikapotea.

"Corbin, toka kwenye kiti hicho! Si nilikuambia usiharakishe?"

"Mwalimu, naapa sikufuta."

"Vimejifuta vyenyewe?"

Corbin akasimama, machozi yakimlengalenga. Aili alijichukia, akatupia jicho lile tangazo la mlangoni. Ndipo Bi Tremblay akaketi na kunyoosha kidole kwenye mshale uleule.

"Usibonyeze, Mwalimu!" Aili alipiga kelele. "Ni mimi! Nilibadilisha vitufe asubuhi. Huo unafuta."

Corbin akamgeukia. "Na ulikuwa umesimama hapo unaniangalia tu?"

"Nisamehe. Niliogopa."

"Mtagombana baadaye," alisema Bi Tremblay, akimpisha Aili kitini. "Tengua. Haraka."

Bahati nzuri programu haikuwa imefungwa. Aili alitengua hatua moja baada ya nyingine, Corbin akisoma urefu wa filamu kwa sauti. "Tano na nusu... saba... nane... Tisa! Acha hapo hapo!"

Zilikuwa zimebaki dakika tatu kufika saa nane.

Ukumbini Mzee Hannu alicheka kwa sauti, kisha akatoa leso na kujifuta macho. Aili hakuweza kufurahia. Kabla ya kwenda nyumbani alirudisha vitufe vyote mahali pake, na Bi Tremblay akamwondoa kwenye habari kwa mwezi mzima.

Barabarani Mzee Hannu alikuwa na kibao chake cha kusimamisha magari kwa mara ya mwisho. Aili akamweleza yote.

"Mwezi utapita, mjukuu wangu," mzee alisema. "Ila niambie. Mimi husimama upande huu, na madereva wanajua. Leo nikihamia kule kwa sababu jua linaniumiza macho, nisimwambie mtu, nani atagongwa?"

Aili akageuka. Nyuma yake watoto wa darasa la kwanza walikuwa wakingoja, glavu zikining'inia mikononi.

"Hawa," alijibu polepole.

"Umeona? Kuhama si kosa. Kosa ni kunyamaza, wakati wenzako wanategemea uwe palepale." Akainua kibao, na magari yakasimama. "Haya, vukeni."