Sala Nilizomwandikia

"Haya mkwe, niombee kabla hawajaja kunichukua."

Baba alisema hivyo akiwa amelala chali kwenye kitanda cha wodi, mguu wa kulia, ule uliopangiwa kukatwa kwa ajili ya kisukari, umefungwa bandeji mpaka gotini, ameshavalishwa lile gauni la hospitali linalofungwa mgongoni. Mimi nilikuwa upande mmoja wa kitanda, mchumba wangu upande wa pili. Nilisema moyoni, asante Mungu, leo mzee kaomba mwenyewe.

Mjue kwamba baba yangu alikuwa hajakanyaga kanisani tangu mama afariki, isipokuwa mara moja tu. Si kwamba aligombana na mtu. Mara hiyo alikuja kwenye kanisa letu, lile la taa za rangi na mashine ya moshi, akakaa mpaka mwisho, tukatoka naye. Nilipomuuliza ameonaje, akasema muziki ni mzuri sana, ila ameingia na kiu na ametoka na kiu ile ile. Baba ni mwashi, kajengea watu nyumba maisha yake yote. Maneno ya kupaka rangi hana.

Mchumba wangu ndiye alikuwa rangi yenyewe. Kanisani walimwita Sauti. Akisimama jukwaani kuongoza maombi, kina mama walilia na vijana wakainua simu kumrekodi. Watu walikuwa wanatoka mbali kuja kumsikia, na mimi nilikuwa nimevaa pete yake. Msinilaumu kwa kuringa kidogo.

Basi nikafumba macho, nikasubiri.

Kimya.

Nikafumbua jicho moja. Sauti alikuwa ameshika chuma cha kitanda, midomo inacheza, neno halitoki. Kisha akafanya jambo ambalo katika wodi nzima nililielewa mimi peke yangu. Alitazama sakafuni, mbele ya viatu vyake. Halafu akanitazama mimi.

"Bwana," akasema. "Bwana... tunakushukuru kwa... kwa siku ya leo."

Akakwama. Jasho likamtoka.

"Mzee, tuko pamoja katika maombi," akamalizia. "Kanisa zima linakuombea."

Baba akageuza shingo, akatazama mlangoni, akatazama dirishani.

"Kanisa zima liko wapi?"

Wauguzi wakaingia, wakakisukuma kitanda wakaenda nacho.

Sasa niwaambie sakafuni alikuwa anatafuta nini. Jukwaani kwetu, chini, mbele ya miguu ya anayeongoza, kuna skrini ndogo ambayo waumini hawaioni. Inaonyesha maneno ya nyimbo, inaonyesha saa ya kuhesabu muda uliobaki, na inaonyesha sala. Ndiyo, sala. Kila neno lililowaliza watu lilikuwa limeandikwa siku tatu kabla, na aliyeliandika ni mimi. Nilikuwa fundi wa skrini. Hata mapenzi yetu yalianzia hapo. Jumapili moja, katikati ya sala ya toba, nilimwandikia pale chini "shati limechomoka nyuma," akachomekea bila kukatiza sala, na baada ya ibada akanitafuta huku anacheka. Tukapendana hivyo, mimi naandika kule nyuma kwenye kibanda cha mitambo, yeye anasema kule mbele. Niliona sisi ni chanda na pete.

Pale kwenye korido ya hospitali sikuona hivyo tena.

"Umeniaibisha," nikamwambia.

"Najua."

"Mbele ya ukumbi mzima unaomba mpaka watu wanaanguka. Mbele ya baba yangu mmoja unashindwa?"

"Mbele ya ukumbi siombi. Nasoma. Wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote."

"Nilidhani unasoma huku moyo unaomba. Nilidhani maneno ni yangu, moto ni wako."



"Na mimi nilidhani moto ni wako," akasema. "Mtu anayeandika vile, nilidhani ana mahali anapoyatoa."

Maneno yale yalinichoma, na mtu akichomwa huwa hachagui cha kurusha. Nikavua pete, nikamtia mkononi.

"Mimi siwezi kuolewa na maiki," nikamwambia. "Nenda."

Hakubishana. Alifumba kiganja, akaifuata korido mpaka mwisho, na mimi nikabaki nimeegemea ukuta nikijiona nimeonewa sana.

Mara kitanda cha baba kikarudi. Sukari yake ilikuwa imepanda mno, daktari kasema hawezi kumpasua katika hali ile, waishushe kwanza, watajaribu Jumatatu. Nilipokuwa namfunika shuka, baba akakiona kidole changu.

"Pete iko wapi?"

"Nimemrudishia mwenyewe."

"Kisa?"

"Kisa unakijua, baba. Umemwomba sala, amekupa salamu."

Akacheka kidogo mpaka akakohoa. Nikamnywesha maji. Alipotulia hakuwa anacheka tena.

"Nilimwambia yeye kwa sababu yeye ndiye mgeni, nikampa heshima yake. Lakini mlikuwa wawili pale, mwanangu."

Nikarudisha kikombe cha maji mezani.

"Yeye alijaribu. Alisema Bwana, akakwama. Wewe hata Bwana hukusema."

Jamani. Kuna maneno mtu akikuambia unatamani angekupiga kofi. Nilijifanya natengeneza mto, na baba akaendelea kwa sauti ya chini, si kwa ukali. Alisema mama yangu alikuwa akiomba huku anafua, hana mpangilio, mara anamsihi Mungu kwa ajili ya mtoto wa jirani, hapo hapo anamfukuza kuku aliyekanyaga nguo. Lakini yeye baba, akiwa chumbani, alikuwa anasikia nyumba inatulia. Alisema hicho ndicho alichokwenda kukitafuta kanisani kwetu, hakukiona. Akafumba macho, akalala.

Nilirudi nyumbani nikapiga magoti kando ya kitanda. Mimi, ninayeandika sala za ukumbi mzima, nilipiga magoti pale nikajikuta natafuta neno zuri la kuanzia. Nikalipata, nikalikataa, nikatafuta jingine lenye uzito zaidi. Mpaka nikajishtukia. Nilikuwa namwandikia nani? Nikasema, "Mungu, sijui kuongea na wewe," nikalia kwa kwikwi, na hiyo ndiyo iliyokuwa sala yangu yote.

Siku ya kuandika ilipofika, kwenye simu ukaingia ujumbe. Sauti.

"Jumapili usiandike kitu kwenye skrini ya chini. Nakuomba."

Nikamjibu: "Mchungaji atakufukuza jukwaani."

"Anifukuze. Nina kiu kama ya mzee."

Sikumjibu tena, ila sikuandika.

Jumapili ukumbi ulijaa, moshi ukapulizwa, nyimbo zikaimbwa, kisha Sauti akasogea mbele kuomba. Nilikuwa kibandani, mkono juu ya kitufe. Skrini ya chini ilikuwa tupu, saa tu ndiyo ilikuwa inahesabu. Akasimama. Watu wakafumba macho, wakasubiri, wakaanza kuyafumbua. Mpiga kinanda akaanza kupiga taratibu kumfichia aibu, Sauti akampungia mkono aache. Simu yangu ikatetemeka. Mchungaji, kutoka kiti cha mbele: "Mitambo ina tatizo gani?"

Nikamwandikia: "Haina tatizo, Mchungaji."

Ndipo Sauti akasema.

"Ndugu zangu, hapa chini kuna skrini ninyi hamuioni. Sala zote mlizonisikia nikiomba zimekuwa zikiandikwa hapa, nami nasoma. Wiki hii mgonjwa aliniomba nimwombee, na pale hapakuwa na skrini. Sikuwa na neno hata moja. Mmeniita kiongozi wa maombi na kuomba sijui." Akameza mate. "Leo sina cha kuwasomea. Anayejua kuomba, anifundishe."

Kuna mtu alicheka, nadhani kwa woga. Saa ikaisha, ikawa nyekundu, ikaanza kuwakawaka miguuni pake. Alisimama pale peke yake mikono imelegea, na hakuna aliyefungua mdomo. Nikasikia ile sauti ya baba: mlikuwa wawili pale.

Nikavua visikilizio masikioni. Nikasimama. Kibandani hakuna maiki, kwa hiyo ilibidi nipaze sauti.

"Mungu, aliyekuwa anaandika ni mimi. Na mimi sijui. Kesho baba yangu anakatwa mguu, naogopa. Tuhurumie."

Vichwa vyote viligeuka nyuma. Halafu mama mmoja wa safu za katikati, bila kufumba macho, akaanza kumtaja mwanawe aliyekuwa jela. Mwingine akadakia na ndoa yake. Kila mtu na lake, wanapishana, wengine wanakwama katikati na kurudia. Wapo waliobeba mikoba yao wakatoka wakisema wamekuja ibadani, hawakuja msibani. Mchungaji alikaa muda mrefu akitazama viatu vyake, kisha akavua koti akapiga magoti pale pale. Jioni yake akamwambia Sauti apumzike jukwaa kwanza mpaka wazee wa kanisa wakae. Nalo hilo lilitokea, sitawaficha.

Jumatatu asubuhi Sauti alikuja wodini na fulana ya kawaida. Nilikuwepo. Hatukusalimiana sawasawa.

"Umekuja na skrini?" baba akamuuliza.

"Sikuja nayo, Baba."

"Haya. Nipe mkono."

Akampa mmoja, wa pili akanyoosha juu ya kitanda bila kunitazama, nami nikaushika.

"Mungu," akaanza, akanyamaza. Nikambana vidole. "Mungu, mimi kwako ni mgeni, ingawa nimesimama mlangoni pako miaka. Huyu ni baba. Madaktari wanasema mguu ukatwe. Mimi nakuomba usikatwe. Ndiyo, naomba hivyo hivyo." Akakwama. Nikadakia mimi: "Na ukikatwa, usimwache peke yake humo ndani." Yeye akamalizia: "Wala sisi huku nje."

"Amina," akasema baba. Neno hilo sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu tulipomzika mama.

Mguu ulikatwa.

Daktari alipotuambia, Sauti alikaa chini kwenye sakafu ya korido, mgongo ukutani. Aliniambia kuwa ni mara ya kwanza katika maisha yake ameomba kitu kwa kukitaka kweli, na amenyimwa. Nikakaa chini karibu naye, tukakaa hivyo mpaka tulipoitwa.

Baba alikuwa ameamka. Alikuwa anatazama pale shuka ilipolala tambarare. Sauti alisimama miguuni pa kitanda, hathubutu kusogea.

"Baba, niliomba."

"Nilikusikia."

"Haikuwa."

"Mliomba mawili," baba akasema, taratibu, maana midomo ilikuwa mikavu. "La kwanza hamkupata. La pili, humo ndani, kabla hawajanilaza, nilikuwa natetemeka. Kisha sikutetemeka. Sikuwa peke yangu mle. Siwezi kukueleza zaidi ya hapo."

Sauti akafunika uso.

"Usilie, rudi ukaombe mengine. Mwashi haachi ukuta kwa sababu tofali moja limepasuka."

Tulipotoka nje kumwacha apumzike, nikamsimamisha Sauti.

"Nipe pete yangu."

Akaingiza mkono mfukoni, hapo hapo akaitoa. Kumbe alikuwa anatembea nayo siku zote zile.

"Sitakuwa na jukwaa," akasema. "Huenda hawatanirudisha."

"Nani kakwambia naolewa na jukwaa? Nivalishe."

"Na sijui kuomba bado."

"Hata mimi. Tutajifunza kwa aibu."

Tukajifunza kwa aibu kweli. Jioni baada ya kazi tulikuwa tunakaa na baba nyumbani kwake kuomba, yeye kwenye kiti cha magurudumu, na wengine wakaanza kuja, yule mama wa mtoto aliye jela, mpiga kinanda, baadaye Mchungaji mwenyewe, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa kwa kuwa viti viliisha. Hakukuwa na saa. Mtu akikwama, tulimsubiri.

Siku ya harusi baba alikataa kiti cha magurudumu. Alinipeleka mbele kwa magongo, hatua kwa hatua, na ukumbi mzima ukatulia kusikia magongo yakigonga sakafu. Taa za rangi zilikuwa zimezimwa, skrini ya chini imezibwa na maua. Ilipofika zamu ya kuombea maharusi, Mchungaji alinyoosha maiki, akampa baba. Baba akaitazama, akairudisha.

Akaegemea gongo moja, akatuwekea mkono kichwani, kwanza mimi, kisha Sauti.

"Mungu, hawa ni wawili. Mmoja akikwama, mwingine aendelee. Amina."

Halafu akaomba kiti.